Sebule za Buganda na Chumba cha Ndoa

Mary Ainsworth alifika Kampala mapema mwaka 1954 akiwa hana kazi. Aliyepata kazi ni mumewe, Leonard, katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere, naye akafuata kama wake wengi wa zama zile walivyofuata. Lakini hakuwa mke wa kukaa barazani akisubiri chai. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya saikolojia kutoka Toronto, tena alikuwa ametoka London, ambako alifanya kazi katika kliniki ya Tavistock na daktari John Bowlby. Huyu Bowlby ndiye aliyeliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti ya mwaka 1951 iliyosema kwamba mapenzi ya mama kwa mtoto mchanga ni ya lazima kwa afya ya moyo wake kama vitamini na protini zilivyo lazima kwa mwili.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen alimwondoa Kabaka Mutesa wa Pili na kumpeleka Uingereza, na Buganda nzima ilikuwa na kinyongo. Mzungu kupita vijijini na daftari, akiuliza mama ananyonyesha vipi na mtoto analala na nani, halikuwa jambo la kupokewa kwa vigelegele. Alipita kwa sababu alikuwa na Katie Kibuka, mkalimani wake. Wanaosimulia habari hii vyuoni humtaja Ainsworth na kumsahau Kibuka. Mimi ni Mhaya niliyefanya kazi ya ustawi wa jamii Mwanza, nikisikiliza ndoa za Wasukuma kupitia mdomo wa mwenzangu, kwa hiyo simsahau. Mkalimani ndiye anayebisha hodi, ndiye anayejua swali lipi lisiulizwe mbele ya mama mkwe, na mara nyingi analijua jibu kabla ya mwenye daftari kufungua kalamu.

Ainsworth alikuwa amekuja kutafuta jambo moja. Alisikia kwamba Waganda, mtoto akiachishwa ziwa, humpeleka kwa ndugu ili alisahau titi na mama pamoja. Kwa mwanafunzi wa Bowlby hiyo ilikuwa bahati: utengano uliopangwa na desturi, si na vita wala hospitali, na mtafiti angeweza kuwaona watoto kabla na baada. Alipofika akakuta desturi imekwisha kufifia. Karibu mama wote waliachisha watoto wakiwa nao nyumbani. Angevuka mto Kagera akaja kwetu Bukoba miaka michache baadaye angenikuta mimi. Nilipoachishwa ziwa nilipelekwa kwa bibi mzaa baba, na nilikaa huko hadi nilipoanza shule. Mama alikuwa akinisimulia kwamba nililia kisha nikanyamaza, na kwamba alipokuja kunitembelea nilimpa mgongo nikaenda kumshika bibi gauni. Alisimulia akicheka. Sijui wataalamu wangeniandika safu gani.

Kwa kuwa alichokitafuta hakikuwapo, Ainsworth akakaa akaangalia kilichokuwapo. Mama 26, watoto 28, katika vijiji vilivyozunguka Kampala. Alikwenda kila nyumba takriban kila wiki mbili, saa mbili kila mara, alasiri, wakati mwanamke wa Kiganda amekwisha kumaliza shamba na yuko tayari kupokea wageni sebuleni. Aliendelea hivyo kwa miezi tisa. Alichokiona kinaonekana kidogo mpaka mtu ajaribu kukiandika: mtoto anatambaa kutoka mapajani mwa mama, anakwenda hadi mlangoni, anageuka kuhakikisha mama bado yupo, anaendelea. Mama akiinuka, mtoto anarudi mbio. Watoto 16 walikuwa hivyo, wametulia, mama ni ngome yao. Saba walikuwa na wasiwasi: walilia sana hata wakiwa wamebebwa, hawakutaka kushuka chini kwa kuogopa wasije wakaachwa. Watano hawakuonyesha bado kama mama ni tofauti na watu wengine.

Alipotafuta kilichowatofautisha, hakukipata katika wingi wa maziwa. Alikipata katika mama mwenyewe, kama alifurahia kunyonyesha au aliona ni adha. Akakipata pia mahali ambapo hakupatarajia. Mama ambaye angeweza kueleza habari za mtoto wake kwa undani, jana alifanya nini, anapenda nini, analilia nini, huyo mara nyingi mtoto wake alikuwa ametulia. Yule aliyetaka kuzungumza habari za shangazi na bei ya kahawa, mtoto wake alikuwa na mashaka. Kitabu kilitoka mwaka 1967, na watu wanaokizungumzia leo ni wachache kuliko wanaozungumzia kile kilichofuata. Huko Baltimore, Marekani, Ainsworth aliwafuatilia watoto wa familia nyingine 26, akatengeneza jaribio la chumba chenye vitu vya kuchezea, mama anayetoka na kurudi, na mgeni asiyejulikana. Hapo ndipo makundi yalipopata sura inayofundishwa mpaka sasa. Yuko mtoto aliyetulia. Yuko mwenye wasiwasi, ambaye mama akirudi anamng'ang'ania na kumpiga kwa wakati mmoja. Na yuko anayejitenga, ambaye mama akirudi anaangalia gari la kuchezea kama vile hakuna aliyeingia.

Miaka ikapita. Mwaka 1985 gazeti moja la Denver lilichapa dodoso la mapenzi lililoandaliwa na Cindy Hazan na Phillip Shaver. Wasomaji walitakiwa wachague maelezo yanayowafaa: mimi huona rahisi kuwa karibu na mpenzi, au mimi hukosa raha akinisogelea mno, au mimi huogopa hanipendi kweli na kwamba ataniacha. Makala yao ya 1987 ilisema kwamba wakubwa walijigawa karibu kama watoto: zaidi ya nusu walijiona wametulia, robo wanajitenga, na waliobaki, karibu moja ya tano, wana wasiwasi. Kwa mara ya kwanza alichokiandika Ainsworth akiwa ameketi kwenye mkeka wa Buganda kikaingia kitandani mwa watu wazima.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya lazima, nayo ndiyo inayonihusu. Mapenzi ya watu wazima yana tendo la ndoa ndani yake, na tendo hilo lina kutaka na kutokutaka. Mwaka 2002 Emily Impett na Letitia Anne Peplau, watafiti wa California, waliwauliza wanafunzi wa kike wa chuo wangefanyaje iwapo mpenzi anataka na wao hawataki. Wenye wasiwasi wa kuachwa ndio walioelekea zaidi kukubali, na sababu waliyoitaja ni kuogopa kumpoteza. Tafiti zilizofuata zikagusa upande wa pili, upande wa anayelazimisha. Mwenye wasiwasi hutumia mwili wa mwenzake kama kipimo cha kupendwa, hivyo neno "leo nimechoka" analisikia kama "sikutaki tena", naye anasukuma. Anayejitenga hana haja ya kupendwa usiku huo. Anataka tendo bila mtu, na machozi ya mtu hayamfikii. Wote wawili wanaweza kufika mahali pamoja, kwa njia mbili tofauti. Wataalamu wenyewe hukumbusha kwamba haya ni mahusiano ya takwimu: wengi mno wenye wasiwasi hawajawahi kumlazimisha mtu.

Niliposoma hayo nikiwa kazini nilimkumbuka mzee mmoja, si mzee wa umri, fundi wa boti pale mwaloni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka watu wanaotaka talaka wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na mimi nilikaa kwenye baraza moja kwa miaka mingi. Mkewe alikuwa amelalamika kwamba halali. Tulidhani ni ugonjwa. Yule bwana akasema, bila hata kuinamisha uso:

"Mama, mimi simpigi. Mimi namwomba tu, mpaka akubali."

"Unamwomba mpaka saa ngapi, baba?"

"Mpaka akubali."

Mke akaeleza kwamba akikataa, mumewe anawasha taa, anakaa kitandani, anamuuliza ni nani aliyempa. Kesho yake hali chakula alichopika. Siku ya tatu hajamsemesha, na watoto wameanza kuuliza. Kwa hiyo anakubali ili nyumba ipumue. Wajumbe wawili wa baraza, wanaume watu wazima wenye heshima zao, walitikisa vichwa wakasema kwa kweli hapo hawaoni kosa. Yule mume alikuwa amelelewa na jamaa mbalimbali baada ya mama yake kuondoka usiku mmoja na asirudi. Alisema mwenyewe, hatukumuuliza. Kama Ainsworth angekuwapo angeweka tiki.

Na hapo ndipo ninapoachana kidogo na wataalamu wa Denver na California. Wasiwasi wake ulieleza kwa nini ni yeye na si jirani yake. Haukueleza kwa nini wajumbe wawili walitikisa vichwa.

Kwa hilo inabidi kuzunguka Ziwa Viktoria hadi upande wa mashariki. Mwaka uleule Ainsworth alipokuwa akimaliza Buganda, 1955, kijana Mmarekani aitwaye Robert LeVine alianza kuishi kwa Abagusii, nyanda za juu za Kisii, Kenya. Alikaa hadi 1957, na mwaka 1959 akachapa makala juu ya makosa ya kujamiiana yaliyofikishwa mahakamani huko. Sehemu inayokumbukwa zaidi ni ile ya usiku wa harusi. Bibi harusi alitarajiwa akatae, tena akatae kwa nguvu, na kwao ilikuwa fahari. Bwana harusi alitarajiwa ashinde. Rika lake walikuwa karibu wakisikiliza, na kesho yake kulikuwa na la kusimulia. LeVine akaunganisha na mahari: katika miaka ya thelathini ng'ombe wa kuozea waliongezeka hadi vijana wengi wakashindwa kuoa, na mwaka 1937 matukio ya kubaka yakazidi hadi serikali ya kikoloni ikaingilia.

Makala ile imelaumiwa, na kwa haki. Ilitegemea majalada ya mahakama za wakoloni, na ilimfanya Mgusii aonekane wa pekee wakati jirani zake walikuwa na mambo yao ambayo hakuna mgeni aliyeyaandikia makala. Hata Bukoba tulikuwa nayo, sitaki kujifanya. Lakini kuna kitu ndani yake ambacho hakikanushiki kirahisi. Kijana yule wa Kisii hakusukumwa na woga wa kuachwa. Alisukumwa na rika lililosimama nje. Alikuwa akitimiza wajibu, kama anavyotimiza wajibu anayechimba kaburi.

LeVine huyohuyo alirudi Kisii miaka ya sabini kuangalia watoto wachanga, na mwaka 1994 yeye na wenzake wakatoa kitabu juu ya malezi. Akina mama wa Kigusii waliwabeba watoto sana, waliwanyamazisha upesi, lakini hawakuwazungumzisha uso kwa uso kama akina mama wa Boston. Kwa kipimo cha Marekani wangeweza kuonekana wamepungukiwa. LeVine akasema kipimo ndicho kilichopungukiwa, na katika uzee wake akawa mmoja wa wakosoaji wakali wa elimu iliyoanzishwa na Bowlby na Ainsworth. Mtu mmoja aliandika habari za kulazimishwa kitandani na habari za mtoto mgongoni, kwa watu walewale, na hakuona kwamba la pili limezaa la kwanza. Mimi nalichukulia hilo kama ushahidi mzito.

Kuna sheria pia, na hii haikutoka kwetu. Jaji Matthew Hale wa Uingereza alikufa mwaka 1676, na kitabu chake kikachapishwa 1736. Ndani yake alidai kwamba mume hawezi kuwa na hatia ya kumbaka mkewe kwa kuwa mke alikwisha kuridhia siku ya ndoa na hawezi kuirudisha ridhaa ile. Hakutaja kesi hata moja. Neno lake likatosha. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 ikaliandika kama kifungu: tendo la mume kwa mkewe si ubakaji, ila kama mke hajafika umri wa miaka 10. Mwaka 1891 umri ukapandishwa hadi 12. Kanuni hiyo ya India ndiyo iliyoletwa Mombasa, na baadaye Tanganyika, ikatumika hadi sheria mpya za adhabu za mwaka 1930. Kwa hiyo wakati chifu wa Kisii anaulizwa na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, mbona vijana wake wanabaka, sheria ya Bwana Shauri mwenyewe ilikuwa imekwisha kuamua kwamba ndani ya nyumba hakuna swali la kuuliza.

Majaji wa Baraza la Mabwana, London, waliachana na Hale mwaka 1991, katika shauri linaloitwa R dhidi ya R. Sisi Tanzania miaka saba baadaye, 1998, tukatunga sheria kali ya makosa ya kujamiiana, na nakumbuka jinsi ofisini tulivyoifurahia kwa sababu ya watoto. Lakini kifungu cha ubakaji kiliandikwa kwa uangalifu: mwanamke asiye mke wake, au aliye mke wake ambaye wametengana. Kenya mwaka 2006 mbunge Njoki Ndung'u alipeleka muswada wake bungeni. Katika mjadala mbunge mmoja mwanaume akasema wanawake wa Kiafrika hukataa hata wanapotaka, na wabunge wanawake wakatoka nje. Yule bwana hakuwa anabuni. Alikuwa bado amesimama nje ya chumba cha harusi cha miaka ya hamsini, anasikiliza. Sheria ilipita, ikiwa na kifungu cha 43 kinachosema kwamba maelezo yake juu ya tendo la makusudi lisilo halali hayawahusu waliooana kihalali. Ilipofika 2015 Kenya ikatunga sheria nyingine ya kuzuia ukatili wa nyumbani, na ndani yake ukatili wa kingono katika ndoa umetajwa waziwazi, ili mke aweze angalau kuomba amri ya ulinzi.

Katikati ya sheria na utoto kuna shule nyingine, ambako hakuna mtafiti wa Denver aliyewahi kualikwa. Pwani ilikuwa kazi ya kungwi na somo. Kwetu Bukoba ilikuwa ya mashangazi. Sasa mijini ni kicheni pati, yenye sare, sahani za pilau na mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Nimehudhuria nyingi, nyingine kama mgeni rasmi, kwa kuwa watu wanadhani afisa ustawi ana la kumwambia mwali. Mafunzo mengine ni mazuri na ya kuchekesha. Kisha huinuka mama mmoja mwenye umri, akamshika mwali mkono, akasema: "Mwanangu, mume hanyimwi. Ukimnyima atapewa nje." Vigelegele. Basi hata binti aliyelelewa kwa upendo, aliyetambaa hadi mlangoni bila hofu, anaondoka ukumbini na wasiwasi wa kuachwa aliokabidhiwa pamoja na mabeseni na masufuria. Na wasiwasi huo si ugonjwa. Nyumba ina jina la mume, mahari imekwisha kuliwa, kaka zake hawana pa kumweka. Anahesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005, ambao kwa Tanzania ulifanywa Dar es Salaam na Mbeya, uliwauliza wanawake waliowahi kuwa na mwenzi. Waliosema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenzi wao walikuwa asilimia 23 Dar es Salaam na asilimia 31 Mbeya. Idadi kama hiyo haitokani na watoto saba wenye wasiwasi kati ya 28. Utoto unachagua nani atakuwa mkaidi zaidi na nani atanyamaza zaidi. Wingi wenyewe umetengenezwa na watu wazima, kwa mikono yao, mchana kweupe.

Yule fundi wa boti na mkewe hatukuwasuluhisha. Mimi na mjumbe mwanamke tulishikilia, wale wazee wakachoka, cheti kikaandikwa kwamba baraza limeshindwa. Kwenye safu ya malalamiko, upande wa mume, karani aliandika "kunyimwa unyumba", maana ni lalamiko linalojulikana na lina mahali pake. Upande wa mke aliandika "kutoelewana". Nilimwambia aandike alichosema mama yule, kwa maneno yake. Akaniangalia kama vile nimemwomba aandike tusi, kisha akaandika, kwa herufi ndogo, pembeni.

Mwanamke akaenda kwa dada yake Sengerema. Baada ya muda mfupi mume akaja ofisini, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, akitaka nimwambie mkewe yuko wapi. Alikuwa amekonda. Alisema alijua tangu siku ya kwanza kwamba ataachwa. Nikamwonea huruma, na sikumwambia. Nilichukua Sheria ya Ndoa nikamsomea kifungu cha 140, kwamba hakuna shauri linaloweza kufunguliwa kumlazimisha mke aishi na mume, wala mume aishi na mke. Akanisikiliza hadi mwisho, akafikiri.

"Basi, mama," akasema, "na ng'ombe wangu?"